Zamu ya Sadala Jikoni

Sadala aliingia kwenye mkutano wa akina mama akiwa amembeba mtoto mgongoni kwa kanga. Darasa zima la shule walimokutania likaangua kicheko.

Mwanaidi, mwenyekiti wao, hakucheka. Si kwamba hakukuwa na cha kuchekesha. Kanga ilifungwa juu chini, mguu mmoja wa mtoto ulining'inia nje, kichwa kimelala upande kama boga lililoiva. Lakini tangu achaguliwe alikuwa amejifunza kujiuma shavu kwa ndani.

"Shikamoo mama mwenyekiti," Sadala alisema.

"Marahaba. Mkaze mtoto, anaanguka."

"Umepotea, kaka?" Grasiana aliuliza kutoka benchi la mbele. Huyu alizaliwa kambi ya mkonge kule Korogwe, baba yake kibarua wa manamba, na ulimi wake ulikuwa na miiba ileile ya mkonge. "Wanaume wako ofisi ya kijiji."

"Sijapotea, dada. Nimekuja kuandikisha mtoto."

Hapo kicheko kikapungua, maana habari zake zilijulikana. Mkewe alifariki masika yalipokuwa yanaisha, akamwachia Mwaija wa miezi minne. Sasa mtoto ana minane. Siku za shamba la kijiji, yaani Jumatatu, Jumatano na Jumamosi, kila mwenye mikono anakwenda na jembe lake, na akina mama wanaacha watoto kwenye nyumba ya watoto, waliyoijenga wenyewe kwa miti na udongo mwaka wa pili tangu watu wahamishiwe kwenye kijiji hiki cha ujamaa. Sadala alikuwa anamwacha Mwaija kwa bibi jirani, ambaye haoni vizuri na juzi alimfunika mbuzi akidhani ni mtoto.

Na Jumamosi hii anakuja Isihaka, mjomba wa mtoto. Ametuma salamu kutoka Korogwe: mwanaume halei, mtoto atakwenda kulelewa kwa ndugu za mama yake. Neno la mjomba kwa Wazigua si la kupuuza. Korogwe si mwezini, lakini kwa mtoto ambaye bado hajajua kusema "baba", ni mwezini kabisa. Mpaka arudi atamwamkia Sadala kama mgeni.

"Nikiwa na pa kumwacha siku za shamba," alisema, "shemeji hatakuwa na neno."

Tatizo lilikuwa karatasi iliyogongelewa mlangoni mwa nyumba ya watoto. Mwanaidi aliiandika kwa mkono wake, kwa herufi za kuringa: atapokelewa mtoto ambaye mama yake ni mwanachama na anapika uji kwa zamu. Siku ile aliisoma mara tatu kwa sauti, jinsi ilivyompendeza.

Grasiana alisimama. "Jamani, umoja huu tuliuanzisha kwa shida zetu. Zimeisha? Kisima kiko wapi? Kliniki si bado tunatembea mpaka Kwamsisi na tumbo mbele? Wanaume wana ofisi ya kijiji, wana baraza, wana msikiti, wana kilabu cha pombe. Sisi tuna benchi hili. Leo wanataka na benchi?"

Makofi yalipigwa. Mwanaidi alitafuta ufa kwenye maneno yale, hakuuona. Hilo ndilo lililomuudhi.

"Na ni huyuhuyu," akadakia mama mmoja aitwaye Tatu, "aliyesimama pale tunakandika udongo akauliza, 'Na sisi mtatujengea lini nyumba ya kutulea?'"

"Nilisema," Sadala alijibu. "Na nilicheka kuliko wote. Mnataka nipige magoti?"

"Piga!"

Akaanza kupiga kweli. Mwaija akateleza.

"Acha, utamwangusha," Mwanaidi alisema. "Ofisi ya kijiji ulikwenda?"

"Nilikwenda."

"Walikuambiaje?"

"Kwamba nioe haraka. Mzee mmoja akanitajia na majina." Sadala alikwaruza sakafu kwa kidole cha mguu. "Mmojawapo ni binti yake bi Tatu. Yule wa darasa la sita."

Vichwa vyote viligeukia kwa Tatu.

"Mzee gani huyo?" Tatu aliuliza polepole.

"Nilikataa, mama."

"Sijauliza kama ulikataa. Nimeuliza mzee gani."

Mwanaidi aligonga meza. "Mmesikia. Shida ya mwanaume tukiikataa hapa haiendi porini. Inazunguka, inarudi kwetu kupitia mlango wa nyuma, na safari hii inamfuata mtoto mwenye daftari."

Grasiana alikaa, akasimama tena. "Haya. Lakini si kwa huruma. Apike uji, aoshe nepi. Asituletee dada yake wala shangazi. Yeye mwenyewe, na zamu yake iwe Jumamosi, huyo mjomba aone."

"Nitapika," alisema Sadala.

"Unajua?"

"Sijui."

Jumamosi kwenye nyumba ya watoto kulikuwa na watoto ishirini na watatu, sufuria moja, na moshi. Mwanaidi alibaki asiende shamba, akisingizia mguu. Grasiana alibaki bila kusingizia kitu, akakaa juu ya kinu kilichopinduliwa kama hakimu. Sadala alisubiri maji yachemke, akamimina unga mkavu, akasonga kwa nguvu zote, kama ugali. Uji ukawa mabonge kama mayai ya kanga.

Isihaka alifika kwa baiskeli ya kuazima. Akamkuta shemeji yake machozi yanamtoka kwa moshi, mwiko mkononi, Mwaija mgongoni.

"Akina mama, mnamfanya nini huyu?"

"Yuko zamu," Grasiana alisema. "Karibu."

"Nimemfuata mtoto. Mwanaume halei."

"Sawa. Huko kwako atalelewa na nani?"

"Kwangu."

"Sijauliza wapi. Na nani? Wewe?"

"Mke wangu yupo."

"Ana wangapi?"

"Sita."

"Na habari ya huyu wa saba umemuuliza?"

Isihaka alitazama kengele ya baiskeli kama ndiyo iliyoulizwa. Ilionekana wazi kwamba hakuuliza. Ilionekana pia, na Mwanaidi aliliona hili kwa raha, kwamba halijawahi kumjia kichwani kuwa kuna mtu wa kuulizwa. Alinyoosha mikono, Sadala akamfungua mtoto akampa. Mwaija alimkagua mjomba wake, akavuta pumzi, akapiga yowe lililowaamsha wenzake wote.

Isihaka akamrudisha upesi. "Nitakwenda kumuuliza," alisema. "Akikubali, narudi."

"Akikubali aje mwenyewe atuambie," Mwanaidi alisema.

Aliondoka mikono mitupu. Sadala alimfuata kwa macho mpaka baiskeli ilipozama kwenye mahindi.

"Na akikubali je?"

"Wa saba?" Grasiana alicheka. Akashuka kwenye kinu, akamnyang'anya mwiko. "Hebu tazama. Unakoroga kama unaua nyoka. Unga unauvuruga kwanza kwa maji baridi, halafu taratibu, hivi." Alizungusha mara tatu, akamrudishia. "Haya, shika. Zamu ni yako."