Taa Nilizozima Baharini

Sikuwa na viatu vya mpira, sikuwa na tumbo la kuvumilia mawimbi, sikujua kuogelea, na unyenyekevu wa kusema "sijui" sikuwa nao kabisa. Cheti cha shule ya jioni nilikuwa nacho, kinaning'inia ukutani kwangu Butembo, lakini hakisemi lolote kuhusu bahari.

Nilikuwa nimekwenda Ubelgiji kumtazama Jephté, kijana anayetaka kumwoa binti yangu Abigaïl; wote wawili wanaishi huko. Baba yake Jephté ni mwalimu wa serikali aliyeletwa mji jirani wa Beni kutoka Kasaï, mbali na kwetu. Dada yangu mkubwa Berthe, ambaye bila yeye hakuna ndoa katika ukoo wetu, alikuwa amekataa: si mtu wa kwetu, nani anajua hasira yake ikoje? Nikaahidi kwenda kuona mwenyewe, kisha nimwandikie.

Jephté ana mashua ndogo ya tanga. Alinialika tusafiri usiku kutoka Ostende hadi Boulogne, kupitia mahali ambapo meli za mizigo hufuatana kama malori siku ya soko. Nilikubali upesi. Nilimweleza kwamba nimesoma jiografia.

Saa sita za usiku nilikuwa nimekwisha kuitapikia bahari chakula chote alichotufungia Abigaïl. Hata hivyo nilimshurutisha Jephté ashuke apumzike kidogo. Mashua ilijiongoza kwa mashine. Kazi yangu ilikuwa kutazama tu. Aliniomba nimwite nikiona taa yoyote inakuja. Nikamjibu kwamba nilianza kukesha kabla yeye hajazaliwa.

Taa zikaja: nyekundu na kijani pamoja, nyeupe mbili juu yake, zikikua bila kusogea kando. Sasa, mimi nimesafirisha kakao barabara ya Mbau, wanakovizia watu wenye silaha. Kule, ukiona usiku taa usizozijua, unazima zako, unanyamaza, unangoja zipite. Nikatafuta swichi, nikazima kila kitu, nikakaa gizani nikijipongeza.

Kwa kuwa hata taa ya chini ilizimika, Jephté alipanda mbio.

"Papa, mataa iko wapi?"

"Nimezima," nikanong'ona. "Sema polepole, batatusikia."

Hakubishana. Aliwasha zote, akamulika tanga kwa tochi, akageuza usukani mpaka nikaangukia ndoo niliyowekewa ya kutapikia. Meli ikapita karibu, ndefu kuliko mtaa wetu mzima. Nilingoja matusi. Ningekuwa mimi, ningetukana mpaka Boulogne.

"Hata mama yangu, kule Beni, alikuwa anazima hivyo," alisema. "Mais hapa, Papa, tunawasha."

Akanirudishia zamu yangu, akakaa kando yangu.

Asubuhi Abigaïl alipopiga simu, Jephté alimwambia tumefika salama, basi. Nami nikaosha ndoo yangu.

Nimerudi Butembo, na Berthe anangoja kule Beni. Barua yangu ya kwanza ilimsifu Jephté kwa Kifaransa kizuri, na humo mimi nilikuwa nahodha msaidizi. Nikaichana. Sifa tupu Berthe angezikataa kabla chai haijapoa. Ilibaki kumweleza nani alizima taa, na mwenye mashua alimjibu nini. Ataisoma kwa sauti mbele ya jamaa wote, najua, na nitaitwa Kapiteni mpaka nizikwe.

Niliandika yote, hata ndoo. Nikamalizia kwamba mimi nimekubali, naye akubali. Nikafunga bahasha kwa gundi, nikaongeza gundi nisije nikaifungua, nikampa dereva wa gari la Beni. Liliondoka nikiwa bado natafuta sababu ya kulisimamisha.