Vitambaa vya Miezi Minne

...binti hana mimba, hana wala hakuwa nayo, nesi amelisema kwa sauti ile ile aliyoulizia jina na kijiji, na Hajira amekaa kwenye benchi na mkoba mapajani akiitazama kalamu, maana humu chumbani kalamu ndiyo pekee isiyomtazama, imesimama juu ya karatasi inangoja, na nesi anauliza, "Sasa mama, cheti nimwandikie nani, katibu wa kijiji au mwalimu mkuu?" na hana mimba, basi ile miezi minne ilikuwa nini, alihesabu mwenyewe, hakuhesabiwa na mtu, ile kamba ya nyuma ya jiko ambako Tatu alianika vitambaa vyake vya mwezi chini ya kanga kuukuu ili wadogo zake wa kiume wasivione, mwezi wa kwanza kamba tupu, akasema labda ameanika kwingine, wa pili tupu, wa tatu tupu, wa nne akaacha kusema labda, mama gani angeona kamba ile na kuwaza jambo jingine, na binti mwenyewe miaka kumi na minane, aliyeanza shule amekwisha kuwa mkubwa, anatoka alfajiri kukimbia hadi barabara ya Mkata na kurudi, na mwalimu yuko nyuma yake juu ya baiskeli, mwalimu Dunstan, kijana asiye na mke, mtoto wa manamba wa mashamba ya mkonge... alilisema hilo pia, mbele ya watu, mtoto wa manamba, na sasa huyu nesi Grasiana, walipoingia na kuamkiana, amesema yeye ni wa hapa hapa Korogwe, baba yake alikata mkonge mpaka mgongo ukakataa, na Hajira aliitikia tu, mh, kama mtu asiyejua neno lenyewe.

"Usishtuke, mama," nesi anasema, "si ugonjwa. Mimi mwenyewe yalinikuta jeshini, kambi ya kujenga taifa. Wasichana arobaini, mchakamchaka kabla ya jua, mchana jembe, chakula kidogo. Mwezi wa tatu hakuna aliyefua kitambaa. Tukaanza kutazamana matumbo, huyu kapewa na nani, yule kapewa na nani, kumbe ni sisi sote!" na anacheka, na Tatu, aliyekaa mwisho wa benchi, anacheka kidogo naye, siku tisa Hajira hajasikia kicheko hicho, siku tisa binti anamjibu ndiyo na hapana, na leo ndani ya basi kutoka Mkata mpaka Segera ametazama dirishani tu, hata pale Segera wauza machungwa walipogonga bati hakugeuza shingo, na anamcheka nani sasa, anacheka na mgeni, "Kuna vitu mwilini vinaitwa homoni," nesi anaendelea, "vinatoka kichwani vinakwenda kuuamuru mfuko wa uzazi, sasa leta mwezi. Mtu akikimbia sana bila kula vya kutosha, amri haitoki. Mwili unaona huu ni wakati wa njaa, si wakati wa kubeba mtoto. Nyinyi wakulima, mwaka wa ukame mbegu mnaifanyaje?" na Tatu anajibu upesi kama yuko darasani, "Tunaificha," na nesi anasema, "Haya, na mwili nao umeficha."

Tunaificha, ndiyo, yeye Hajira aliificha, mwaka jana baada ya operesheni ya vijiji, walipobebwa na lori na vyungu vyao wakashushwa penye vigingi vya viwanja, mvua ikakataa, akafukia kibuyu cha mahindi chini ya kitanda na watoto wakalia na hakukifukua, na wakala unga wa yanga wa serikali, mahindi ya manjano yaliyonuka gunia, na hata yanga hayakutosha, na aliyepakua ni nani... hapana, ngoja, kwanza lile la mkutano, siku tisa zilizopita, watu wamejaa mbele ya ghala la kijiji, ajenda ilikuwa shamba la pamoja, na yeye akasimama bila kuitwa akasema binti yangu ana miezi minne hajaona siku zake na anayempeleka porini alfajiri mnamjua, yule pale, na Sadala, mdomo wake huo, akapaza sauti, "Kwenda mbio mmoja, kurudi wawili!" na watu wakacheka mpaka mzee Mhina akashika mbavu, na mwalimu Dunstan alikuwa na chaki mkononi, alitoka darasani moja kwa moja, akasema, "Mama Tatu, si kweli," hayo tu, si kweli, na Tatu alikuwa amesimama na wanafunzi wenzake, wakasogea, yeye hawakumsogelea, walisogea mbali, akabaki na duara lake peke yake, na katibu akasema lete cheti cha hospitali kwenye mkutano wa Ijumaa ya wiki ijayo, kikithibitisha tunamfukuza mwalimu na shule nayo imtoe binti, na tangu siku hiyo mwalimu analala Mkata kwa muuza chai kwa sababu vijana walirusha mawe juu ya bati lake, na leo ni Jumatano, na hiki ndicho cheti alichokuja kukichukua.

Na raba, Mungu wangu, zile raba, alizikuta chini ya kitanda cha Tatu, nyeupe, zimefungwa kwenye gazeti, akasema hii ndiyo hongo yenyewe, akazisukuma jikoni chini ya chungu, zikawaka kwa moshi mweusi na harufu ikaingia kwenye ugali, wavulana wakakataa kula, Tatu peke yake alikula, alikula anautazama moto, kisha akasema, "Ni za shule, mama. Za kukimbilia mashindano ya Tanga. Nilitia sahihi," na yeye akamjibu utasaini mengine... na sasa miguu ile iko pale chini ya benchi, pekupeku, visigino vimepasuka, na kimoja kinapigapiga sakafu taratibu, na Tatu anamuuliza nesi, si yeye, nesi, "Nitaweza kukimbia Tanga?" na nesi anasema, "Utakimbia. Lakini pumzika wiki kadhaa, punguza maili, na ule. Nyumbani unakula nini?" na Tatu anatazama magoti yake, anamfichia mama yake, baada ya yote hayo bado anamfichia, maana Hajira ndiye mwenye mwiko, anajua, baba kwanza, kisha wavulana kwa kuwa wanakua, kisha yeye mwenyewe, na Tatu akirudi mbio, na akirudi lamboni na ndoo ya pili, na akitoka shamba la kijiji, anakuta ukoko, anaukwangua kwa ukucha na kusema nimeshiba, na Hajira alimwamini kwa sababu ilikuwa rahisi kuamini, alihesabu vitambaa miezi minne na hakuwahi kuhesabu matonge, kwa hiyo aliyeifunga damu ya mtoto huyu hakuwa juu ya baiskeli, alikuwa jikoni kwake ameshika mwiko.

"Mama, umenisikia?" nesi anasema. "Nikimwandikia katibu natia kwenye bahasha, naifunga, unampa mkononi. Yanaishia hapo," na anasema kwa upole, ameelewa kitu, na bahasha iko pale, katibu ataifungua ofisini, atakohoa, atamwambia mwalimu rudi kazini, na Ijumaa itakuwa ajenda ya shamba, hakuna atakayesimama, na Sadala ataendelea na kichekesho chake, na wanafunzi wataendelea kusogea mbali, bahasha haina mdomo, mdomo ni wake yeye... na mdomo huo nani aliufundisha kusoma, kisomo cha saa kumi, wanawake kumi na mmoja kwenye madawati ya watoto, mwalimu Dunstan akiandika ubaoni herufi kubwa kwa sababu yeye Hajira haoni vizuri, akimwambia, "Polepole, Mama Tatu, herufi haina miguu, haitakimbia," na siku aliyosoma sentensi nzima hadi nukta yule kijana alipiga makofi peke yake, wenzake wakamcheka, na yeye akarudi nyumbani anaisema njia nzima, na mtu huyo ndiye ambaye Hajira alimwita mtoto wa manamba.

Kalamu bado imesimama, kisigino bado kinagonga, kati yake na binti kuna nafasi ya mtu mmoja, hasogei, hana haki ya kusogea, bado.

"Usiifunge," Hajira anasema, na sauti inatoka kama ya mtu aliyelala. "Kiandike kwa herufi kubwa, mwanangu. Ijumaa nitakisoma mwenyewe, mbele ya ghala."

Kisigino kinaacha kugonga.