Goli la Hemedi

Kabla mechi haijaanza, Shamte, mwenyekiti wa timu yetu ya Kirongwe na kaka wa mke wangu, alinivuta pembeni. "Shemeji, tukishinda, mbuzi wa zawadi ni wetu. Sare, anakwenda na Kilindoni, kwa kuwa wao ni wageni. Ukituharibia, hutashika tena filimbi hapa."

Nilimwambia akakae.

Hadi dakika za mwisho ilikuwa bila kwa bila. Mpira ukatoka, wa kurusha, wetu. Hemedi ana mikono ya kuvuta nyavu tangu utoto. Alisimama nje ya mstari wa majivu, miguu yote chini, mpira nyuma ya kichwa, akaurusha sawasawa kabisa. Ulipita juu ya watu wote, kipa akaruka asiuguse, ukatua wavuni.

Watu wakaingia uwanjani wakicheza. Nikapiga filimbi, nikaonyesha boksi dogo: mpira uanzie kwa kipa.

Shamte akaja amekunja kanzu. "Umeona vizuri, shemeji?"

"Vizuri sana. Mpira wa kurusha si goli mpaka uguswe na mchezaji mwingine."

"Hapa siku zote ni goli."

"Siku hizo refa hakuwa mimi."

"Sheria hiyo umeitoa wapi? Masomo yako ya jioni?"

"Huko huko. Nimeanza kusoma nina wajukuu. Sikusoma ili nije kuficha Kirongwe nilichokisoma."

Kijana mmoja akasema babu apelekwe akapimwe macho. Godlove, nahodha wa Kilindoni, akanisogelea na kuniamkia kana kwamba ndiyo kwanza tunaonana.

"Shikamoo, mzee. Wape tu. Sisi tunataka kufika kwetu salama."

"Marahaba. Goli si lako kuligawa."

Nikauchukua mpira, nikauweka ndani ya boksi dogo, nikaukalia. Magoti yaliniuma, ila hilo halikuwahusu.

"Anayetaka mechi iendelee anajua itaanzia wapi," nikasema.

Mke wangu Biubwa, aliyekuwa akiuza vitumbua nyuma ya goli, akapaza sauti: "Baba Safia, leo utakula hiyo sheria yako."

"Niwekee na chumvi."

Watu wakacheka, hata waliokuwa wamenikunjia ngumi. Hemedi akaja akanipa mkono. "Inuka, babu. Wapige, giza linaingia. Nitarusha nyingine."

Hakupata nyingine. Kipa alipiga mbali, mpira ukazungukazunguka katikati, muda ukaisha. Mbuzi akapakiwa kwenye gari la Kilindoni analia.

Shamte alinisubiri njiani, kiganja wazi. "Lete filimbi."

"Filimbi ni yangu. Jumamosi nitakuja nayo."

"Tutaleta refa mwingine."

"Mleteni. Mimi nitasimama pembeni, pale pale anaporushia Hemedi. Mpira ukiingia moja kwa moja, nitaipiga."