Flashi ya Kukhu

Mimi nina mume mwenza. Cheka, lakini kwetu Bungoma bibi humwita mjukuu wake wa kiume "mume wangu", na ukiitika jina hilo umeitika na matusi yake yote: mume gani hajui kupasua kuni, mume gani analala mpaka jua linamchoma makalio. Ni utani wa bibi na mjukuu, wala hakuna anayekasirika. Shida ni kwamba Kukhu, ndivyo tunavyomwita bibi, ana waume wawili hapa Arabuni. Wa kwanza ni mimi Fidel, mlinzi wa jengo la ofisi pale Olaya, Riyadh. Wa pili ni Robinson, mtoto wa baba yangu mkubwa Wycliffe, dereva wa familia moja ya Al-Rawdah, Jeddah. Hiyo "wa kwanza" nimejipa mwenyewe.

Kukhu alianza kusahau polepole. Alisahau sufuria motoni, akasahau njia ya kutoka kanisani, kisha siku moja akamuuliza Shangazi Selipher, binti yake wa kumzaa, kama amekuja kununua maziwa. Shangazi akampeleka kwenye nyumba ya kutunza wazee huko Eldoret. Kijijini walisema maneno yote wanayoyajua, lakini hakuna aliyejitolea kwenda kulala naye. Sasa ana chumba chake, dirisha lake, msichana wa kumwangalia anayeitwa Metrine, na kabambe yake, ile simu ndogo ya vitufe. Watu aliwasahau, lakini kabambe ng'o!

Na hiyo kabambe ndiyo iliyonitia ugonjwa. Robinson alikuwa anapigiwa simu. Mimi nilikuwa napigwa flashi.

Kama ulizaliwa juzi, flashi ni hivi: unapiga, simu ya mwenzako inalia mara moja, unakata kabla hajashika, ili yeye ndiye akupigie. Ndiyo simu ya mtu asiye na salio, au aliye nalo lakini hataki kulitumia kwako. Kukhu alinitumia flashi asubuhi, mchana, na nikiwa katikati ya kumfungulia mkubwa mlango. Nami kila mara nilijificha nyuma ya nguzo nikampigia.

"Umechelewa," ananipokea.

"Kukhu, niko kazini."

"Kazi gani ya kusimama mlangoni kama mbuzi anayengoja mvua iishe? Umekula?"

"Nimekula."

"Leta sukari ukija." Na hapo hapo amekata.

Huyo ndiye mke. Wakati huo huo, kwenye kundi letu la familia, Robinson anatuma sauti: "Jana Kukhu amenipigia, tumeongea mpaka sikio likapata moto." Mnaweza kunielewa.

Wivu wenyewe si wa leo. Mimi nililelewa kwa Kukhu, nikimchotea maji na kupanda kilima na simu yake kutafuta mtandao. Robinson alikuwa akija Krismasi kutoka Nakuru, na viatu vinavyong'aa. Kuku anachinjwa, Robinson anapewa paja, na kama wazee hawapo anaongezewa firigisi. Mimi niliyemkimbiza huyo kuku boma zima napewa shingo. Nimekula shingo nyingi mpaka nashangaa sijaota manyoya.

Basi kampuni yetu ikatupeleka Jeddah kulinda maonyesho fulani, na Ijumaa nikaenda Al-Baghdadiyah, kwenye chumba ambacho Robinson hukaa na madereva wenzake siku ya mapumziko. Alinipokea kwa shangwe. Madam wake alikuwa amempa wali na kuku wa jana, akanipakulia paja. "Kula, leo mgeni ni wewe," akasema, naye akachukua mabawa. Nilikuwa sijamaliza kutafuna simu yake ikalia. Nikangoja ikatike. Haikukatika. Robinson akajifuta mkono, akaiweka sauti ya nje.

"Halo, habari ya huko?" Ilikuwa sauti ya Kukhu, laini kama ya anayesoma matangazo ya kanisa.

"Njema, Kukhu. Ni Robinson."

"Robinson wa nani?"

"Wa Wycliffe."

"Aa, wa Wycliffe! Asante sana kwa kushika simu. Na mama watoto hajambo?"

"Bado sijaoa, Kukhu."

"Mungu atakupa. Nisikupotezee wakati, mwanangu." Kisha akaupoteza wote. Mvua, mahindi, maombi, baraka za kazi, baraka za gari, baraka za mwenye gari. Hata jina langu halikupita karibu. Nami mdomo ulikuwa umejaa kuku na moyo umejaa kitu kingine.

Salio lilipoisha, Robinson akaitazama simu. "Umeona? Ni hivi kila siku."

Nilisikia majivuno. "Mke wetu anakupenda," nikamwambia.

"Na wewe huwa anakuambia nini?"

"Mambo ya ndani. Siwezi kuyasema mbele ya watu."

Akanitazama vibaya kidogo, nami nikafurahi.

Wiki ileile Shangazi Selipher akatupigia sote kwa pamoja, amechoka. Salio la Kukhu lilikuwa linaishia Jeddah lote. Lililobaki alimpigia mtu asiyemjua huko Mombasa na kumwalika kwenye harusi yangu, ambayo hata mimi siijui, na huyo mtu alikuwa ameshauliza ni lini. Wazee wenzake walilalamika kwamba hawapati usingizi wa mchana. Kwa hiyo Shangazi alikuwa amemnunulia simu nyingine, yenye vitufe vitatu vikubwa, kila kimoja na picha. Ukibonyeza uso, inampigia mwenye uso. Namba nyingine zote zimefungwa, na haina kitufe cha kukata, maana Kukhu hukata watu.

"Mmoja ni mimi, mmoja ni Metrine," akasema Shangazi. "Umebaki mmoja wa Arabuni. Nyinyi waume kubalianeni."

Nilitulia, nikavaa sauti ya mzee wa kanisa. "Mimi sina neno, Shangazi. Apewe Robinson. Ila ninamwogopea tu. Huku barabarani kuna kamera, dereva akishika simu zinampiga picha, inakuja mukhalafa, yaani faini, na kafili, tajiri wake, anaikata kwa mshahara wake. Kesho tuseme Kukhu ndiye aliyemponza? Mimi nasimama tu mlangoni, hata nikigonga mtu nitamgonga na kiwiko."

"Huyu mtoto ana akili," Shangazi akasema.

"Fidel," Robinson akasema polepole, "tangu lini wewe unanihurumia?"

"Tangu leo."

Halas, yakaisha. Nikatuma picha yangu nzuri kuliko zote, niko na sare ya kazi na kofia.

Simu ya kwanza ilinikuta langoni. Ililia mara ya kwanza, ikalia ya pili, nami nikaikamata kwa mikono miwili kama inataka kutoroka.

"Halo, habari ya huko?"

Sauti laini! Ile ile! Nilitamani Robinson awe pale asikie.

"Njema, Kukhu! Ni Fidel!"

"Asante sana kwa kushika simu. Watoto hawajambo?"

"Watoto gani? Kukhu, ni mume wako."

"Mume wangu tulimzika, mwanangu. Lakini asante kwa kumkumbuka."

Nikacheka peke yangu, maana yeye hakucheka. Akaniombea, akaibariki kazi, akalibariki jengo. Nikamaliza simu nikijisemea ni kofia, amedhani mimi ni askari. Nikamtumia Shangazi picha nyingine, kichwa wazi, meno yote nje. Kesho yake: "Halo, habari ya huko? Asante kwa kushika simu." Nikamtania, akanijibu kwa heshima. Nikamwambia sijala nione kama atanitukana, akaniambia Mungu atafungua mlango. Yote niliyokuwa nikimwonea Robinson wivu sasa nilikuwa nayo, na yalikuwa matamu kama chai ya hospitali.

Sikumwambia mtu. Ningeanzia wapi? Kwenye kundi nilituma sauti kama zake: "Jana tumeongea na Kukhu mpaka sikio likapata moto." Robinson aliweka dole gumba, basi.

Ijumaa moja nilikuwa nimekaa kwenye ngazi karibu na kituo cha metro, simu ikalia, nikashika.

"Halo, habari ya huko? Nisikupotezee wakati. Wewe si uko Arabuni?"

"Niko, Kukhu."

"Nina shida ndogo, kama hutajali. Kuna kijana wangu huko, anaitwa Fidel. Mrefu, mdomo mwingi. Ukimwona mwambie nataka kumpiga flashi, lakini hawa wamenipa simu haijui flashi."

"Kwa nini usimpigie tu, kama unavyonipigia mimi?"

"Nimpigie Fidel?" Akashangaa kabisa. "Kwani yeye ni mgeni?"

Nikaibana simu sikioni.

"Huyo nikimpiga flashi anapiga," akaendelea. "Hata akiwa wapi. Hajawahi kuniacha. Lakini sasa naona hapigi, sijui amepatwa na nini."

"Nitamwambia," nikasema.

"Asante. Mungu akubariki, pamoja na watoto."

Nilikaa pale na simu mkononi. Paja la Robinson lilinijia akilini, lile la kila Krismasi, na lile alilonipakulia mimi kule Al-Baghdadiyah. Leo mgeni ni wewe. Nimewaonea wivu watu wengi katika maisha yangu mafupi, lakini siku hiyo niliyemwonea wivu kweli kweli alikuwa huyo Fidel, mrefu, mdomo mwingi, anayengojewa na mtu Eldoret. Na aliyemzibia njia ni mimi, ninayeshika simu haraka kama mwenye njaa.

Kesho yake nilikuwa langoni ilipolia. Ikalia mara moja. Kidole kikaniwasha. Nikaikata.

Nimekata simu za wadai, za wachungaji, na za msichana mmoja wa Kitale, lakini kukata ya Kukhu kulinitoa jasho ambalo jua la Riyadh halijawahi kunitoa. Je, kama amechukia? Kama atamwambia Metrine, huyu kijana wa baraka naye ameshachoka na mimi? Msimamizi alikuwa ananiita kwa mkono, "Yalla, yalla!" Nikajifanya kipofu, nikaenda nyuma ya nguzo yangu ya zamani, nikapiga.

Ikaita. Ikaita.

"Umechelewa," akasema.

Nikaegemea nguzo.

"Mume gani wewe! Mtu anakuita mpaka anaota mvi nyingine. Uko wapi, umesimama mlangoni kama mbuzi?"

"Mlangoni, Kukhu."

"Angalau mbuzi angekuwa na maziwa. Umekula?"

"Bado."

"Tumechinja kuku. Nimekuwekea shingo. Paja tumempa yule kijana wa Wycliffe, mwenye adabu, si unajua yeye ni mgeni. Msalimie ukimwona. Na ulete sukari ukija."

Nikangoja akate. Simu ile haiwezi kukata, kwa hiyo nikaendelea kusikia chumba chake, kiti kikisogezwa, na sauti yake ikimwambia Metrine: "Nilikwambia atapiga."

Siku hizi ndivyo tunavyoishi. Ikilia mara moja naikata, natafuta nguzo, napiga, natukanwa, narudi kazini nikiwa mtu.

Robinson hakukaa mbali. Jioni moja akanipigia. "Mke wetu anasemaje?"

"Amekusalimia. Amesema una adabu."

"Adabu tu?"

"Na amekupa paja la kuku."

"Hajanitukana?"

"Hata kidogo."

"Hata mbuzi hakunitajia? Yule mbuzi wako wa mlangoni, Metrine ameniambia."

"Mbuzi ni wangu, Robi."

Upande wa Jeddah nilisikia indiketa ya gari, tik, tik, tik. Ningeweza kumwachia kitufe na kumfundisha kukata kabla ya kupiga. Ni jambo dogo tu, la kidole kimoja.

"Weka simu chini," nikamwambia. "Kamera."