Masharti Niliyosoma kwa Kidole

Kalamu ilikuwa tayari mkononi mwa Haji Uun, mwenye karakana, nilipoinuka kwenye kiti changu cha pembeni. Sikuwa nimeitwa kuzungumza. Niliitwa nikae karibu na mashine, nibonyeze kitufe nikiambiwa, mgeni aone sindano kumi na mbili zikishuka kwa pamoja juu ya kitambaa cheupe, kisha nirudi zangu kimya. Nikashika ukingo wa meza.

"Haji," nikasema, "usitie sahihi."

Chumba kizima kikageuka. Kwa miaka mitano niliyofanya kazi pale, nadhani wengi wao hawakuwahi kuisikia sauti yangu ikivuka kelele za mashine.

Niliingia kwenye karakana ile ya kudarizi ya Kawalu, mtaa wetu wa Tasikmalaya, nikiwa na miaka kumi na saba. Shule yangu ilikuwa imeishia darasa la tano, mwaka aliofariki baba, na tangu hapo nilikaa sebuleni na mama, kila mmoja na cherehani yake ya miguu. Mtaani kwetu kila nyumba inadarizi. Mama alinifundisha kerancang, nakshi ya matundu: unashona ukingo wa ua, unakata kitambaa cha katikati kwa mkasi mdogo, halafu unavusha nyuzi juu ya tundu, moja baada ya nyingine, mpaka zifanye wavu mwembamba ambao chini yake unaweza kuuona mkono wako. Ukikata kabla ukingo haujashika, kitambaa kimekufa. Mama hakuwa na maneno mengi. Akiona kosa analifumua mbele ya macho yako, anakurudishia kitambaa, anaendelea na yake.

Kwa Haji nilipewa kazi ya kupanga nyuzi kwenye mashine kubwa. Mashine hizo ziliongozwa na kompyuta, na kompyuta iliongozwa na programu ya bei kali iliyokuwa na kifunguo chake kidogo cha kuchomeka. Mwezi mmoja kabla ya Ramadhani, maagizo ya mukena, mavazi ya wanawake ya kuswalia, yakiwa yamejaa hadi mlangoni, kifunguo kile kikafa. Wenye programu wakasema tusubiri. Siku tisa mashine zilisimama, na Haji alizunguka kati yake kama mtu aliyefiwa.

Ndipo kaka Dadan, fundi wetu wa kompyuta aliyesomea Bandung, alipoleta programu huria.

"Imetengenezwa na watu wa kila mahali," alisema. "Unaichukua, unaifungua tumboni, unaona ilivyoandikwa, unabadilisha unachotaka."

"Bure?" Haji alikunja uso. "Hakuna cha bure. Mtego uko wapi?"

"Hauna mtego, Haji. Ina masharti tu."

Masharti yakatokea kwenye kioo, marefu, ya herufi ndogo. Dadan akabonyeza "Nakubali" kabla hata sijamaliza mstari wa kwanza. Jioni ile mashine zikaanza kunguruma, na Haji akatununulia karakana nzima wali wa oncom, makapi ya karanga yaliyochachushwa.

Programu ile ilijua mambo mengi, ila kerancang haikuijua. Ukiichorea tundu, inalijaza uzi hadi linakuwa kama kidonda kilichofungwa bandeji. Siku moja, nikiwa nyuma ya Dadan, nikajisahau.

"Inaziba," nikasema. "Sisi hatuzibi."

Akageuka. "Kumbe unaongea! Haya, nifundishe mnavyofanya."

Nikamfundisha. Nilimwonyesha kwa kitambaa, yeye akaandika kwenye kompyuta, tukajaribu, tukaharibu. Baada ya wiki chache nilianza kuyafuata maandishi yenyewe. Nilikuwa nimedhani ni mambo ya watu wenye vyeti, lakini yalikwenda hatua kwa hatua kama mshono: anza hapa, ukifika ukingoni rudi, rudia mara sita, kata. Nikaona mahali Dadan alipokata mapema, nikamwonyesha. Mara ya pili nikasahihisha mwenyewe. Kufikia mwaka uliofuata yeye alikuwa akiniletea chai nami ndiye niliyekaa kwenye kiti.

Sijui nieleze vipi furaha ile. Nilikuwa nafika kabla mlinzi hajafungua geti. Nilikuwa nasahau kula. Mama Iroh, aliyekuwa akiviringisha nyuzi, alipita nyuma yangu kila adhuhuri na utani wake.

"Imas, hiyo kompyuta inaleta mahari lini? Maana mchumba gani huyu, mwaka wa pili hajajitambulisha kwa mama yako!"

Karakana yote inacheka, mimi naficha uso nyuma ya kioo.

Na saa ya chakula nilikuwa nasoma yale masharti. Nilitaka kujua nimekubali nini. Nilisoma kwa kidole, neno baada ya neno, na nisilolielewa nililiandika mkononi nikamwuliza Dadan. Watu waliosoma wanajua kuruka mistari. Mimi niliacha shule kabla sijafika darasa la kuruka. Ilinichukua zaidi ya mwezi, lakini niliyamaliza, na kiini chake kilikuwa chepesi: itumie utakavyo, ibadilishe utakavyo, ila ukimpa au kumuuzia mtu mwingine, mpe pia maandishi yake ya ndani, na haki zilezile ulizopewa wewe.

Kisha akaja Bwana Gunadi kutoka Jakarta. Aliona mukena zetu sokoni, akauliza ni mkono gani unaotoa kerancang safi hivyo kwa wingi hivyo. Haji akamwambia ni programu. Bwana Gunadi akataka kuinunua, aifunge mtu asione maandishi yake ya ndani, aikodishe kwa karakana zote za Tasikmalaya. Majirani zetu, ambao mama zao walimfundisha mama yangu, wangelipa kila mwezi ili mashine zao zishone mshono wa nyumbani kwao.

Siku moja kabla ya sahihi nilimfuata Dadan nje, penye pikipiki.

"Kaka, hairuhusiwi. Imeandikwa."

"Najua," alisema, bila kunitazama. "Imas, mke wangu anajifungua mwezi ujao, kazi hii naihitaji. Tafadhali, nyamaza. Si ndicho unachokiweza?"

Hakusema kwa ubaya. Lakini neno hilo nililala nalo na kuamka nalo.

Ndiyo maana niliinuka.

"Huyu ni nani?" Bwana Gunadi aliuliza.

"Binti wa nyuzi tu," alisema Haji. "Imas, kaa chini."

"Programu hii hatukuitengeneza peke yetu," nikasema. Sauti ilikuwa ndogo, ila ilitoka. "Tulipewa. Masharti yanasema huwezi kuiuza ikiwa imefungwa."

Bwana Gunadi akatabasamu. "Na wewe umesomea wapi sheria, dada?"

"Nimesoma hadi darasa la tano."

Watu wawili wakacheka. Nikangoja wamalize.

"Nimesoma hadi darasa la tano, na masharti haya nimeyasoma yote. Nani mwingine humu ndani ameyasoma?"

Bwana Gunadi akamgeukia Dadan, na Dadan akakitazama kiatu chake.

"Ni kweli, Bwana," akasema. "Ndivyo yalivyo."

Mgeni alikuwa mtu wa adabu. Alimaliza chai yake, akakunja karatasi zake, akaaga. Gari lake halikuwa limetoka getini Haji aliponipigia kelele.

"Kompyuta yangu! Umeme wangu! Wali wangu umekula miaka mitano!"

"Ni kweli, Haji. Ungeweza kuitumia humu ndani maisha yako yote, hakuna ambaye angekuuliza. Lakini kerancang hukunifundisha wewe."

"Toka!"

Nikatoka. Mama Iroh alinisindikiza hadi getini akiwa amenishika kiwiko, na kwa mara ya kwanza hakuwa na utani.

Sikuchukua hata mstari mmoja wa kazi iliyobaki kwa Haji. Nilirudi kwenye cherehani ya miguu, na kwa akiba yangu nikanunua kompyuta kuukuu iliyopasuka pembe. Asubuhi nilidarizi na mama. Mchana niliichukua upya ile programu ya wote, nikaanza kuifundisha kerancang toka mwanzo, peke yangu. Ilinichukua miezi saba, na ilitoka nzuri kuliko ya kwanza, kwa sababu safari hii nilijua kila kosa linakaa wapi. Nikaituma kwa watunzaji wake. Walinirudishia maswali, nikajibu kwa maneno machache, wakaipokea. Leo iko mle ndani na jina langu chini yake. Karakana za mtaani kwetu zinaitumia, na zingine za visiwa ambavyo sijawahi kuvikanyaga.

Mwaka jana, baada ya Lebaran, sikukuu yetu ya Idi, simu iliita. Nilimtambua kwa kikohozi.

"Imas. Nimeleta mashine mpya, za vichwa kumi na tano. Ile kerancang yako inazikubali?"

"Inazikubali, Haji, ukijua kuipanga."

"Dadan ameshindwa. Nasikia ni bure."

"Ni bure. Ichukue leo hii."

"Basi njoo unipangie."

"Nitakuja. Programu ni bure, Haji. Mimi si bure."

Nikamtajia malipo yangu ya siku. Niliyataja mara moja, kisha nikanyamaza, maana kunyamaza nakujua kuliko yeye. Alikohoa, akataja umri wake, akataja bei ya uzi ilivyopanda. Nikaendelea kungoja.

"Haya," akasema. "Kesho, saa mbili asubuhi."

"Saa nne," nikasema. "Saa mbili nina wanafunzi."