Sauti Kwenye Mizani

"Zima feni kwanza," sonara alimwambia binti yake. "Na usinipumulie mizani."

Binti akazima feni, akaziba mdomo kwa kiganja. Mizani ya dhahabu ina maringo yake, hata pumzi huitingisha. Sonara akaweka juu yake kadi ya kumbukumbu ya simu, ndogo kama ukucha, akasoma namba na kuikariri.

Ndani ya kadi ile mlikuwa na sauti ya marehemu mkewe. Simu kuukuu ilikuwa imevimba betri, na binti alikuwa amekuja kuihamishia sauti hiyo kwenye simu mpya. Asubuhi nzima mzee alikataa katakata. Miaka yote aliyoyeyusha dhahabu, hajaiona ikihama chombo bila kupungua: chembe hunasa kwenye chungu, nyingine hupotelea usikokujua. Kwa mkewe, hakuwa tayari kupoteza hata chembe.

"Baba, hii haiyeyushwi. Inanakiliwa tu."

"Haya, nakili tuone."

Binti akanakili, akamrudishia kadi. Mzee akaipima, akafuta sahani ya mizani, akaipima tena. Namba ilikuwa ile ile.

"Haijapungua," alisema, kama anayemshtaki mtu.

"Si nilikwambia?"

"Na huko kwenye simu mpya?"

"Yupo. Mzima mzima."

Mzee akakaa kitako. Pete ukiikata katikati unapata nusu mbili, basi. Mkewe sasa alikuwa kamili huku na kamili kule.

"Ana uzito gani, basi?"

"Hana, Baba. Kadi ingekuwa tupu, mizani yako isingejua."

"Mama yako? Hana uzito?" Mzee akacheka mpaka machozi yakamtoka, na yalipoanza kutoka hayakuwa tena ya kicheko. Mwanamke aliyeijaza nyumba nzima kwa kuingia tu mlangoni!

Akaichukua simu mpya, akailaza kwenye mizani, akangoja namba zitulie.

"Mwache aseme."

Binti akabonyeza.

"Wewe mzee! Miwani yako iko hapa mezani. Huko unasoma kwa pua?"

Namba za mwisho zikaanza kucheza. Zikapanda, zikashuka, zikapanda tena, hadi alipomaliza kusema, zikatulia.

"Ni spika inatetemeka, Baba," binti alinong'ona.

"Najua," alisema sonara. "Rudia."

Feni ilikuwa bado imezimwa. Wakainama wote wawili juu ya mizani, wamebana pumzi.