Dada Aliye Moscow

Kwetu Naryn, huku milimani, mjukuu wa kwanza ni mtoto wa bibi. Kwa hiyo Begaiym aliniita mimi mama, na Nurzat, binti yangu aliyemzaa, akamwita dada. Nurzat alipokwenda Moscow kutafuta kazi, mtoto akaacha kula, akaacha kucheza. Mara tatu nikampeleka kwa mganga, akamwaga mafuta moto ya kondoo kwenye bakuli la maji alilolishika juu ya kichwa cha mtoto, eti hofu imtoke. Wapi!

Mwishowe nikakubali kumwona mshauri wa watoto pale shuleni, kisichana tu.

“Begaiym, unamkumbuka nani?”

“Dada.”

“Dada tu?” nikafoka. “Ndiyo ususie chakula?” Mtoto akauma midomo, akizuia machozi.

“Bibi, hebu mwache alie,” mshauri akasema.

“Kwani nani kamkataza?”

“Wewe, mama,” Begaiym akajibu. “Ulisema dada haliliwi.”

Nikampigia Nurzat simu palepale, nikamwekea mtoto sikioni.

“Mwite mama,” nikamwambia.

Begaiym akaziba simu kwa kiganja, akanitazama.

“Na wewe je? Nitakuita nani?”